Mita 60 za Mto ni za Nani?

Katika nchi yetu ardhi ni mali ya umma, na maji nayo ni mali ya umma. Mambo haya mawili hayana mjadala. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta milki ya ardhi ya daima iliyoachwa na wakoloni, na tangu hapo kilichobaki mikononi mwa mwananchi ni haki ya kuitumia. Mwaka 1974 sheria ikatamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni ya Jamhuri. Swali linalotukabili leo ni jingine: pale mto unapopita katikati ya shamba la mtu, nani abebe gharama ya kuulinda?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bahari au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaweka umbali huo huo kwa vyanzo vya maji. Hivyo ulinzi wa maji ukatoka mtoni, ukapanda ukingoni, ukaingia shambani.

Ndugu msomaji, mwandishi wa makala haya hapingi ulinzi huo. Aupingaye na autazame Mto Ruaha Mkuu. Mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hata viboko wakasongamana katika vidimbwi vya matope. Mto huo huo ndio unaolijaza bwawa la Mtera, na maji yake ndiyo yanayoshuka kuzungusha mitambo ya Kidatu. Maji yaliyochepushwa Usangu kwa mifereji isiyofungwa hata baada ya mavuno hayakumdhuru mnyama wa porini peke yake. Yaliwaathiri pia raia wa mijini na viwanda vinavyotegemea umeme huo. Mtu wa juu akinywa bila kipimo, wa chini hufa kiu.

Lakini haki ina hesabu zake, nazo hatuna budi kuzifanya. Ekari moja, ambayo mkulima wetu huipima kwa hatua 70 kwa 70, ni mraba wenye upande wa mita 64 hivi. Mkulima mwenye ekari moja kando ya kijito, akiondolewa mita 60, hubakiwa na ukanda wa mita 4. Huo si shamba, ni njia ya kupitia. Na kila kilomita moja ya kijito, ukihesabu kingo zote mbili, huchukua hekta 12, yaani karibu ekari 30. Kwa mwenye shamba la ekari elfu, hilo ni punguzo. Kwa mwenye ekari moja, ni kufutwa.

Wakulima wa Iringa na Njombe wanalielewa jambo hili kuliko wataalamu wengi. Vinyungu vyao vya mabondeni ndivyo vinavyowapa mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Kumwambia mkulima huyo aache kinyungu bila kumwonyesha mahali pengine ni kumwambia ale mara moja kwa mwaka.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba mtu ambaye haki yake ya kutumia ardhi inafutwa au kuingiliwa kwa manufaa ya umma alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Hapa ndipo penye kitendawili. Mkulima wa kando ya mto hanyang'anywi hati, anakatazwa matumizi. Ardhi inabaki kwa jina lake, na njaa pia inabaki kwa jina lake. Kama umma unanufaika na mita zake 60, kwa nini hasara iwe yake peke yake? Mkono mtupu haulambwi.

Tufanye nini basi? Kwanza, Waziri amepewa na kifungu hicho hicho uwezo wa kuweka miongozo ya shughuli katika ukanda huo. Miongozo hiyo itofautishe mto mkubwa na kijito cha msimu. Pili, vigingi viwekwe mchana, mbele ya mkutano wa kijiji, si kwa kushtukiza. Tatu, mkulima aliyekuwepo kabla ya mwaka 2004 afidiwe au apewe ardhi mbadala. Nne, aruhusiwe kuvuna kisichodhuru: asali, majani ya mifugo, na miti rafiki wa maji kama mivengi, badala ya milingoti inayokausha mabonde.

Tano, na kubwa kuliko yote, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Haitakubalika kinyungu cha mjane king'olewe huku hoteli, kiwanda au shamba la tajiri likiachwa limeketi ukingoni kwa sababu mwenyewe anajua mlango wa kubisha.

Mto haulindwi na askari peke yake, kwa kuwa askari hawezi kulala kwenye kila kijito. Hulindwa na yule anayeamka na kuuona kila asubuhi. Tukimfanya mtu huyo kuwa mshitakiwa, atang'oa vigingi usiku. Tukimfanya kuwa mshirika, atavilinda yeye mwenyewe.