Binti Akienda Kujifunza Ususi: Patana, Andika, Kisha Lipa

Kila mwaka baada ya mavuno, wazazi wengi huuza magunia ya mahindi ili binti aende mjini kujifunza ususi. Ni jambo jema. Ususi ni kazi ya halali, na vichwa vya kusuka havikosekani. Lakini gunia likiuzwa halirudi ghalani. Ndiyo maana leo Bwana Shamba anatoka shambani kidogo na kuingia saluni.

Wazazi wengine hulipa fedha yote siku ya kwanza, bila maandishi yoyote. Mwaka ukiisha binti anarudi nyumbani. Anaulizwa, "Umejifunza nini?" Anajibu, "Kufua taulo, kupika, na kubeba mtoto wa fundi." Mzazi akienda kudai, hana hata karatasi moja ya kuonyesha.

Wapo pia mabinti ambao hutoroka baada ya wiki 3. Husema, "Nimefanywa mtumishi." Kumbe masomo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Kwa hiyo mzazi na binti lazima wajue mafunzo yanavyokwenda.

HATUA ZA MAFUNZO

Hatua ya kwanza ni usafi na kutazama. Mwanafunzi atafagia, atachota maji, ataosha vitana na taulo. Atamshikia fundi uzi na rasta. Pia atafumua nywele za wateja. Asidharau kazi ya kufumua. Anayefumua anaona jinsi fundi alivyogawa mistari na alivyoanza kila msuko. Hilo ni somo.

Hatua ya pili ni kuosha nywele, kuzikausha, kuzichana na kugawa mistari. Mstari ukipinda, msuko wote utapinda. Wakati huu binti afanye mazoezi kila siku. Anaweza kufunga rasta kwenye mguu wa kiti na kusuka. Anaweza kusuka wadogo zake.

Hatua ya tatu ni kusuka wateja, fundi akiwa karibu. Mara nyingi mwanafunzi huanzia nyuma ya kichwa, ambako kosa halionekani haraka. Mkono ukiwa mwepesi, hupewa kichwa kizima.

Hatua ya nne ni dawa za kulainisha nywele. Dawa nyingi za namna hii zina kostiki soda, ile ile inayotumika kutengenezea sabuni. Ikizidi muda, huchoma ngozi na kukata nywele. Mwanafunzi afundishwe kusoma maelezo ya kopo, kupaka mafuta mazito pembezoni mwa uso na masikioni, kutazama saa, na kuosha kwa maji mengi. Mtu mwenye kidonda kichwani asipakwe. Hapa ndugu msomaji unaona faida ya kujua kusoma. Fundi asiyesoma kopo anabahatisha kichwa cha mtu.

Sasa utajuaje kama binti anafundishwa au anatumikishwa? Kufagia mwezi wa kwanza ni kawaida. Kufagia tu mpaka mwezi wa sita si mafunzo. Kufua taulo za saluni ni sehemu ya kazi. Kufua nguo za nyumba nzima ya fundi si sehemu ya kazi, ila kama mlipatana hivyo. Kila mwezi mwulize binti swali moja: "Mwezi huu umejifunza nini ambacho mwezi uliopita hukukijua?" Kisha mpe kichwa akusukie. Mikono itajibu.

AFYA KAZINI

Mapunye na chawa huenezwa kwa vitana. Kila kitana kioshwe kwa sabuni kabla ya kutumiwa kwa mtu mwingine. Wembe uwe mpya kwa kila mteja. Damu kidogo tu kwenye wembe inaweza kueneza UKIMWI na homa ya ini. Mwanafunzi avae glavu anapotumia dawa, na madirisha yawe wazi.

Pia ajifunze kutokuvuta nywele mno. Msuko unaouma hung'oa nywele za mbele, na zikivutwa hivyo kwa miaka, huenda zisiote tena. Mteja akisema anaumia, legeza.

MAPATANO YAANDIKWE

Kabla ya kulipa, mzazi, binti na fundi wakae pamoja. Waandike mambo haya:

1. Mafunzo yataanza lini na yataisha lini.
2. Binti atafundishwa nini: kusuka kwa uzi, kusuka rasta, kuosha, kutia dawa.
3. Ada ni kiasi gani, na italipwa kwa mafungu mangapi.
4. Nani atanunua rasta na dawa za mazoezi.
5. Binti atalala wapi, na chakula ni juu ya nani.
6. Saa za kazi na siku ya kupumzika.
7. Ni lini ataanza kupata sehemu ya fedha ya vichwa anavyosuka.
8. Itakuwaje akiugua, au fundi akifunga saluni.

Ziandikwe nakala mbili. Wote watie sahihi mbele ya shahidi, kwa mfano Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Kila upande ubaki na nakala yake. Usilipe ada yote mara moja. Lipa kwa mafungu, na kila ukilipa, dai risiti. Fundi mwaminifu hatachukia maandishi, kwa sababu yanamlinda naye pia. Mwanafunzi akiondoka kabla ya wakati, fundi naye anapata hasara.

Sheria pia inamlinda mtoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Haruhusiwi kufanya kazi kabla ya miaka 14. Tena asifanyishwe kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa hiyo binti amalize shule kwanza. Ususi utamsubiri. Mzazi naye amtembelee bila kutoa taarifa, aone anapolala na anaishi na nani. Akisema kuna mtu anamsumbua, msikilize, mwondoe siku hiyo hiyo na utoe taarifa polisi au ustawi wa jamii.

BAADA YA MAFUNZO

Fundi wa mtaani huenda asiwe na cheti cha kumpa. Binti asikate tamaa. Mamlaka ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima watu waliojifunza ufundi mitaani na kuwapa cheti. Aulize katika chuo cha VETA kilicho karibu.

Asingoje saluni yenye umeme ndipo aanze kazi. Kitana, uzi, kioo, beseni na kigoda chini ya mwembe vinatosha kwa kusuka. Lakini ajue kwamba kijijini ususi una msimu kama kilimo. Wakati wa palizi wateja ni wachache. Baada ya mavuno, na karibu na Idi, Krismasi na harusi, wateja hupanga foleni. Kwa hiyo asiache shamba lake. Fedha ya msimu mzuri aiweke akiba, na kila kichwa akiandike kwenye daftari.

Na wewe mzazi, usiuze chakula cha nyumbani wala mbegu ili kulipa ada. Pima kwanza debe za kula mpaka mavuno mengine. Kinachozidi ndicho cha kumsomesha binti.

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma na kuandika ili usidhulumiwe. Basi kalamu yako itangulie, fedha ifuate. Mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Utajuaje kama mwanafunzi anafundishwa au anatumikishwa?
2. Kwa nini ada ilipwe kwa mafungu?
3. Hapa kijijini, nani anafaa kuwa shahidi wa mapatano yetu?