BARABARA SI ZAWADI: SHERIA IPO, MPANGO U WAPI?



Kila baada ya miaka mitano, miezi michache kabla ya kura, greda huonekana Kaptagat. Hukwaruza njia moja au mbili, ile ya kanisani na ile ya kwenda kwenye kituo cha kupokea maziwa. Jumapili ifuatayo mgombea husimama mbele ya waumini na kungoja ashukuriwe. Mvua kubwa ikianguka, njia hurudi kuwa tope, na greda hatulioni tena hadi uchaguzi mwingine. Viazi huozea shambani kwa kukosa lori litakalothubutu kuvifuata. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hubebwa kwa pikipiki usiku. Nasi tumenyamaza, kwa kuwa mpewa zawadi hamhoji mtoaji.

Twasema leo bila kumung'unya maneno: barabara si zawadi. Ni wajibu uliowekwa na sheria, na hulipiwa kwa fedha zetu wenyewe. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Mwenye gari hulipa, na asiye na gari hulipa vilevile, katika nauli ya matatu, katika bei ya unga na katika gharama ya kusaga mahindi. Anayekuja kutupa barabara kama sadaka anatupa kilicho chetu, tena kwa kipimo akitakacho yeye.

Sisi tuliosomea sheria tuna deni kwa wenzetu: kueleza nani ana mamlaka gani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliigawa kazi hii mara mbili. Serikali ya taifa ilipewa barabara kuu, reli, na uwezo wa kuweka viwango vya ubora wa barabara nyingine. Kaunti zilipewa usafiri wa kaunti pamoja na barabara zake. Kifungu cha 187 kinafundisha kwamba kazi ikihamishwa kutoka ngazi moja ya serikali hadi nyingine, rasilimali za kuitekeleza ziifuate. Mnamo Agosti 2013 kazi za kaunti zilitangazwa rasmi kuwa zimehamishwa.

Je, fedha zilifuata? Mashirika matatu ya barabara, yaani KeNHA ya barabara kuu, KeRRA ya barabara za mashambani na KURA ya barabara za mijini, yaliundwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, miaka mitatu kabla ya Katiba. Katiba ikaja, yenyewe yakabaki. Orodha iliyochapishwa katika Gazeti la Serikali mwaka 2016 ilihesabu zaidi ya kilomita 161,000 za barabara nchini, na zaidi ya 121,000 kati ya hizo zikaandikwa kuwa za kaunti. Mtu angedhani kwamba mwenye mzigo mkubwa ndiye angepewa punda. La hasha! Mwaka 2024 na 2025 Bunge la Taifa na Seneti ziling'ang'ania shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo, magavana wakidai ziende kaunti, na wabunge wakikataa. Mwaka 2025 serikali ilikwenda mbali zaidi: shilingi 7 kati ya zile 25 ziliwekwa rehani ili kupata fedha za kuwalipa wakandarasi. Yaani hata ushuru ambao bado hatujautoa umekwisha kutumiwa.

Ndugu zetu, fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nyasi ndizo sisi.

Wenye umri wetu wanakumbuka tulikotoka. Katika enzi ya chama kimoja tuliambiwa waziwazi kwamba siasa mbaya ni maisha mabaya, na lami ilikuwa mojawapo ya adhabu na thawabu za siasa hiyo. Huu si uvumi wa mikahawani. Mwaka 2015 jarida la American Economic Review lilichapisha utafiti wa Robin Burgess na wenzake kuhusu ujenzi wa barabara nchini Kenya tangu mwaka 1963. Waligundua kwamba wilaya zilizokaliwa zaidi na watu wa kabila la rais zilipata maradufu ya fedha za barabara, na urefu wa lami mara tano kuliko ilivyostahili. Kisha waligundua jambo ambalo lapasa kutiwa moyoni na kila aliyeandamana na kila aliyefunga na kuomba katika miaka ile: katika vipindi vya demokrasia ya vyama vingi, upendeleo huo ulitoweka.

Basi kufutwa kwa kifungu cha 2A mwezi wa Desemba 1991 hakukuwa mchezo wa wanasiasa wa mijini. Kulifika hadi kwenye kokoto za barabara. Lakini tusijidanganye. Upendeleo uliotimuliwa kwenye mlango mkubwa waweza kurudi kwa dirisha, ukivaa joho la eneobunge badala ya kabila. Kinachoweza kuufunga dirishani ni mpango ulioandikwa, wenye nguvu ya sheria, unaoonekana na kila mtu.

Mpango huo si ndoto. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, inaamuru kaunti ipange, na inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango uliopitishwa na bunge la kaunti. Kifungu cha 115 kinaufanya ushiriki wa wananchi katika mipango hiyo kuwa wa lazima. Kifungu cha 88 kinampa mwananchi haki ya kuwasilisha malalamiko yake kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya wajibu wake. Silaha hizi ziko mikononi mwetu, nasi tumeziacha zishike kutu.

Hapa ndipo Kaptagat inapokuwa kioo cha nchi nzima. Wadi ya Kaptagat imo Uasin Gishu, lakini ukipanda kuelekea Chepkorio na Nyaru umeingia Elgeyo Marakwet. Msitu, mto na soko havijui mpaka huo. Ng'ombe hukamuliwa upande mmoja, maziwa huuzwa upande wa pili. Njia za udongo ambazo Eliud Kipchoge na wanariadha wenzake wamezikimbia alfajiri kwa miaka mingi, hata jina letu likajulikana duniani, hazimuulizi mkimbiaji amesajiliwa kaunti gani. Lakini ofisi huuliza! Kaunti mbili na mashirika ya taifa, kila mmoja na bajeti yake: ni rahisi mno njia ikatengenezwa hadi mpakani, halafu ikafia hapo kama sentensi isiyo na nukta.

Dawa ya jambo hili nayo imo sheriani. Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali zishirikiane, na kinaruhusu kamati za pamoja. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaruhusu kaunti mbili au zaidi kutunga mpango mmoja. Tena kaunti zetu zimo tayari katika umoja wa kiuchumi wa kaskazini mwa Bonde la Ufa uitwao NOREB. Kilichopungua ni sauti yetu ya kuwasukuma.

Wengine wamekwisha kutembea njia hii. Mwezi uleule wa Desemba 1991, Marekani ilipitisha sheria ya usafiri iliyoimarisha mipango ya majimbo na ya mikoa yenye miji. Huko, eneo la mji lenye zaidi ya watu 50,000 lazima liwe na chombo cha mipango kinachokutanisha serikali jirani. Chombo hicho huandika mpango wa miaka isiyopungua 20 na orodha ya miradi ya miaka isiyopungua minne, nacho sharti kionyeshe fedha zitatoka wapi. Wamarekani si malaika, na ulafi wanao. Hata hivyo, mradi usioandikwa haupati fedha ya serikali kuu, na ulioandikwa bila fedha ni uongo unaoonekana mchana.

Watatuambia: "Wananchi wanataka lami, hawataki makaratasi." Tunawajibu kwa habari ya Yusufu kule Misri. Hakungoja njaa ifike ndipo agawe nafaka kwa jamaa zake. Alipanga kwa miaka 14, akapima, akaweka akiba, na taifa likapona. Lami isiyo na mpango ni mahindi yasiyo na ghala.

Mipango ya sasa ya kaunti ni ya mwaka 2023 hadi 2027, na mwaka 2027 ni wa uchaguzi. Mlango wa kutunga mipango mipya utafunguliwa saa ileile magreda yatakapoanza kunguruma. Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet ziunde kamati ya pamoja na kutunga mpango mmoja wa usafiri kwa maeneo ya mpakani.

Pili, orodha ya barabara zote za eneo letu, pamoja na mwenye dhamana, mwaka wa kazi na chanzo cha fedha, ibandikwe katika kila ofisi ya wadi.

Tatu, ushuru wa barabara ufuate kazi, kama Katiba inavyofundisha.

Nne, makanisa yetu yasimpe kipaza sauti mgombea anayekuja kujisifia barabara. Akija, aulizwe mbele ya waumini: imeandikwa katika mpango upi?

Kila kikundi cha waumini na kichague watu wawili watakaohudhuria vikao vya mipango, kalamu mkononi. Tuliwahi kudai vyama vingi tukaambiwa haiwezekani. Iliwezekana. Sasa tudai mpango, na tusikubali tena kupewa kilicho chetu.