Joto la Mayai Penye Baridi

Sisi tutotoleshao vifaranga kwa sanduku la umeme huku Mbeya na Iringa, ambako usiku wa Juni na Julai baridi hupenya hata blanketi, yatupasa kukumbuka kwamba thamostati, ijapokuwa hodari, haiwezi kuhifadhi nyuzi 37.5 za yai la kuku iwapo sanduku lenyewe lavuja joto. Kwa hiyo kuta zake na ziwe mbili, na katikati zijazwe maranda makavu, ambayo Mafinga ni tele. Chupa za maji, tafadhali, zipangwe chini ya trei tangu siku ya kwanza, ili zihifadhi hari umeme ukatikapo alfajiri.