Motisha Haiungi Mguu Uliovunjika

Vijana wenzangu tunaopakua mizigo kwenye stoo za kambi hapa Kenya, foklifti sio kama gari lingine. Inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake unamfagia aliyesimama kando. Ikibeba magunia marefu, dereva haoni mbele.

Sasa ukigongwa, nani analipa? Sheria ya Kenya ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri akate bima na aripoti ajali ndani ya siku 7. Aliyeumia ana miezi 12 kudai fidia. Lakini inamlinda mwenye mkataba na mshahara. Sisi tunaitwa watu wa kujitolea, tunapewa "motisha".

Ndugu zetu wa mashirika, mnatupangia saa, mnatuhesabia magunia. Hiyo ni kazi. Basi andikeni kwenye karatasi nani atagharamia matibabu na nani atalisha familia mtu akilala hospitali. Pia choreni njia ya watu mbali na ya mashine. Rangi sio ghali.

Na sisi, kabla ya kusaini, tuulize. Kwa heshima, lakini tuulize wote.