Kutembea si Kuona

Wahenga walituachia agizo la maneno mawili: tembea uone. Watu wengi wa siku hizi wamelishika neno la kwanza na kuliacha la pili. Wanatembea sana, lakini hawaoni. Pamoja nao wako wengine ambao hawatembei kabisa, kwa sababu wamekwisha kuamini kwamba kwao hakuna cha kuonwa. Katika insha hii nayapinga makosa hayo mawili kwa pamoja, kwa kuwa ni mapacha. Mama yao ni mmoja, naye ni mazoea ya kudhani kwamba elimu ina makao yake ng'ambo, na kwamba kijana wa Kaloleni, wa Majengo au wa Dandora hana la kujifunza mpaka siku atakapopanda ndege.

Tuanze na safari zenyewe. Kila mwaka vijana wa Kenya huenda kusoma katika vyuo vikuu vya Ulaya. Wafikapo huko huona jambo ambalo kwetu ni geni: miji mikubwa ya nchi mbalimbali imekaribiana, treni na mabasi ya usiku huiunganisha, na ndege za nauli nafuu huruka kutoka mji hata mji. Zaidi ya hayo, mwanafunzi aliyepewa kibali cha kukaa katika mojawapo ya nchi za mapatano ya Schengen, yaliyotiwa saini mwaka 1985, aweza kuzuru nchi nyingine za mapatano hayo kwa siku 90 katika kila siku 180 bila ya kuomba viza upya. Jamaa zake waliobaki nyumbani hujaza hati nyingi na kungoja majuma mengi ili waruhusiwe kuingia nchi moja tu. Kwake yeye hiyo ni neema kubwa. Basi Ijumaa jioni hukusanyika na rafiki zake, hufunga mkoba mdogo, na Jumatatu asubuhi amerudi darasani akiwa amekanyaga nchi mbili.

Sisemi kwamba safari hizo ni dhambi. Kijana anahitaji pumziko, na urafiki hukomaa njiani kuliko darasani. Aliyeshinda na njaa katika kituo cha treni pamoja na mwenziwe wa Ghana au wa India amejifunza uvumilivu usiofundishwa na kitabu. Ninalolipinga ni safari iliyogeuka kuwa hesabu. Nimepata kumsikiliza kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni. Aliitaja miji 14 mmoja baada ya mmoja, kama mtu avutaye tasbihi. Nilipomwuliza ameona nini katika miji hiyo, alinipa simu yake: mnara na yeye mbele yake, daraja na yeye mbele yake, sanamu na yeye mbele yake. Minara ilibadilika, yeye hakubadilika. Watu wa namna hiyo ndio waliosemwa katika methali kwamba mtembezi hula miguu yake.

Huenda mtu akajibu kwamba fedha ni zake na miguu ni yake. Miguu ni yake, ndiyo. Fedha sina hakika. Wengi katika vijana wetu husafirishwa kwa harambee. Mama muuza mboga hutoa shilingi zake, mjomba huuza ng'ombe, kanisa au msikiti hupitisha kikapu, na majirani wasioweza kusoma jina la chuo huchanga ili mtoto wa mwenzao akasome. Watu hao hawakuchanga ili waletewe picha za minara. Walichanga ili apatikane mmoja miongoni mwao atakayekwenda mbali, aone kwa ajili yao, na awarudishie alichokiona. Arudipo mikono mitupu ana deni, hata kama hakuna mahakama itakayomdai.

Nitatoa mifano, ili nisidhaniwe kwamba natupa mawe gizani. Chukua mji wa Manchester, Uingereza. Kijana wa Nairobi afikapo huko siku ya Jumamosi huelekea kwanza uwanja wa mpira, wala sishangai, maana mapenzi ya timu za mji huo yamejaa katika kila kibanda cha Eastlands kinachoonyesha mpira. Lakini katika mji huo huo, mwezi wa Oktoba 1945, katika jumba la Chorlton-on-Medlock, ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika. Walikuwamo Kwame Nkrumah, George Padmore, W. E. B. Du Bois na Jomo Kenyatta, na humo madai ya uhuru wa nchi za Afrika yalitamkwa bila ya kumumunywa. Uso wa jengo lile ungalipo, nao umekuwa sehemu ya majengo ya chuo kikuu. Kutoka uwanja wa Old Trafford mtu mzima huweza kufika hapo kwa miguu. Ni wangapi wafikao?

Au chukua Berlin. Watu hupiga picha langoni na ukutani, kisha huenda kula. Hatua chache kutoka katika lango hilo iko njia iitwayo Wilhelmstraße. Katika njia hiyo, tangu Novemba 1884 hata Februari 1885, wajumbe wa mataifa ya Ulaya na wenzao walikaa katika jumba la waziri mkuu wa Ujerumani wakakubaliana kanuni za kujitwalia nchi za Afrika. Sultani wa Zanzibar hakualikwa, wala hapakuwa na mtawala mwingine wa Kiafrika aliyekaa katika baraza hilo. Jumba lenyewe limetoweka, bali ubao wa ukumbusho upo. Au chukua Tervuren, karibu na Brussels, ambako mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa waonyeshwe kwa watu kama vitu vya maonyesho. Saba kati yao walifia huko, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji. Kijana wa Afrika ambaye hupita mahali kama hapo akitafuta tu mkahawa mzuri, ametembea lakini hakuona.

Kwa nini hakuona? Sababu ni kwamba macho ya kuonea hayauzwi pamoja na tikiti. Hufunzwa nyumbani, polepole, kama mtoto afunzwavyo kusoma. Asiyewahi kusimama mbele ya jengo la mtaani kwake na kuuliza, "Nani alilijenga, kwa fedha za nani, na kwa nini?", hatauliza swali hilo mbele ya jengo la Paris. Jomo Kenyatta alisoma London School of Economics, mwalimu wake akiwa Bronislaw Malinowski, na kitabu alichokitoa mwaka 1938, Facing Mount Kenya, hakikuhusu London. Kilihusu Wagikuyu, watu wake. Safari ilimsaidia kwa sababu alikwenda nayo akiwa na kitu cha kulinganisha.

Sasa nakugeukia wewe, msomaji, ambaye pengine hujapata hata pasipoti. Nakuuliza: unapajua kwenu?

Anza Kariokor. Jina hili limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Kariakoo ya Dar es Salaam imetoka katika asili hiyo hiyo. Wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Unapokwenda huko kununua kiondo au kula nyama choma, unakanyaga kumbukumbu yao.

Vuka Pumwani hata Gikomba, mahali ambapo nguo zilizovuliwa na watu wa Ulaya huja kuanza maisha ya pili. Karibu na hapo, Kamukunji, mafundi wa jua kali hugonga mabati tangu asubuhi, na sanduku la bati ulilokwenda nalo shule ya bweni huenda lilitoka mikononi mwao. Kiwanja cha Kamukunji ndicho kilichokusudiwa kwa mkutano wa tarehe 7 Julai 1990, ule wa Saba Saba, ulioitishwa na Kenneth Matiba na Charles Rubia ili kudai vyama vingi vya siasa. Serikali ya wakati ule iliupiga marufuku, na watu waliuawa.

Kando yake ni Shauri Moyo. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa katika kijiji cha zamani cha Pangani, kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Waulize wazee asili ya jina hilo nao watakueleza, na katika maelezo yao utasikia uchungu wa mtu aliyeambiwa ahame. Endelea kwa Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Donholm, ufike mitaa ya Mbotela na Ofafa. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, akauawa mwaka 1952. Ambrose Ofafa alikuwa diwani, akauawa mwaka 1953. Mitaa hiyo ilipewa majina yao katika siku za Hali ya Hatari. Nani aliyechagua majina hayo, na alitaka wakazi wakumbuke nini na wasahau nini? Siku hizo ndizo pia za Aprili 1954, majeshi yalipouzingira mji na kupita mitaani nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini.

Nimeiweka Kaloleni mwisho kwa makusudi. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940, na katikati yake uko ukumbi usio na fahari kwa macho. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo, Makhan Singh alisimama akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Haikupita miezi miwili akakamatwa, naye hakupata uhuru wake mwenyewe ila baada ya miaka zaidi ya 11. Basi tazama: jumba la Manchester la 1945 na ukumbi wa Kaloleni wa 1950 ni ndugu. Neno moja lilisemwa kote kuwili. Mwenye kuujua ukumbi wa Kaloleni atalitafuta jumba la Manchester, asiyeujua atapita.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Wa kwanza atasema, "Ulaya wametunza majumba yao, yetu yamechakaa." Ni kweli, na aibu ni yetu. Lakini kitu hutunzwa na wanaokijua. Baadhi ya mitaa ya zamani imekwisha kubomolewa ili yajengwe maghorofa. Watu wanahitaji nyumba bora, wala silaumu hilo. Nalaumu kwamba panapobomolewa, hapana kijana anayeuliza ni nini kinachobomolewa.

Wa pili atasema, "Mitaa ile ina wezi." Miji ya Ulaya pia ina wezi, na wageni huibiwa humo kila siku, lakini hakuna aliyeacha kwenda Roma kwa sababu hiyo. Nendeni watano au sita, mchana, na wazazi wajue mliko.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, maana husema kwa kicheko, "Eastlands si mahali pa kuzuru, ni mahali pa kutoka." Huyo simjibu kwa hoja, namjibu kwa methali: mkataa kwao mtumwa. Hata akitoka, atabeba dharau yake kwenda nayo kila mji, na kila mji atauinamia kwa kuwa si kwao.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha walimu, na kazi yangu ni kuwatayarisha watakaokufundisha. Nawaambia wao ninayokuambia wewe. Jumamosi ijayo waite rafiki zako. Chagueni mtaa mmoja tu, msikimbilie mitano. Chukueni daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mtafuteni mzee aliyekaa hapo miaka mingi, mwamkieni kwa heshima, mtajieni majina yenu na shule yenu, kisha mwulizeni mtaa ulikuwaje alipofika. Mwacheni aseme mpaka amalize. Msipige picha ya mtu bila ya idhini yake, maana wenyeji si wanyama wa hifadhini. Mrudipo, andikeni ukurasa mmoja, na ukurasa huo usomwe darasani.

Ukifanya hivyo mwaka mmoja, utakuwa na macho. Na kama siku moja majirani watachanga, nawe ukapelekwa kusoma ng'ambo, safiri kila Jumamosi upendavyo na rafiki zako. Utakaporudi, wale waliochanga watakapokuuliza uliona nini, utakuwa na la kuwaambia.