Windows 10 imeisha, wauzaji wanaleta antivirusi: tuchague nini kwa mashini ya nyumbani?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imeacha kutuma marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Wakaaji wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia ama Uvira wasifikiri kwamba hii ni habari ya Ulaya peke yake. Mashini nyingi zinazofika kwetu ni za okazio, zilikwisha kufanya kazi miaka mingi kwa wengine. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Upande wa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Mashini ya mwaka 2015 inakataliwa, hata kama bado iko nzima.

Basi, ku maduka na ku mitandao ya kijamii, jibu linatolewa haraka: "Weka antivirusi kali, utalala salama." Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu inayobaki njo inaweza kukupotezea memware ya iniversite, hesabu za butike, ama picha za marehemu mzazi ambazo hazina kopi nyingine popote.

Mlinzi na mlango ni vitu viwili

Antivirusi ni mlinzi wa mlangoni. Anatazama anayeingia, analinganisha sura yake na za wezi anaowajua, na anakamata yule mwenye mwenendo mbaya. Marekebisho ya Windows ni kazi ya seremala: yanaziba tundu la mlango wenyewe. Mlinzi hodari kwenye nyumba yenye mlango uliovunjika atashinda siku nyingi, lakini siku moja mwizi atapita kwenye tundu.

Mwaka 2017 ulituonyesha hivyo. Mwezi wa Machi, Microsoft ilitoa rekebisho la tundu moja kubwa ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei, virusi WannaCry ikapita kwenye tundu hilo hilo, ikafunga mafaili ya watu katika inchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilifikia kurudisha wagonjwa nyumbani. Mashini zilizokuwa zimepokea rekebisho la Machi hazikuingiliwa kwa njia ile.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa makuta kwa antivirusi, uliza kwanza juu ya Windows yenyewe. Kama mashini yako inakubali Windows 11, kuhama kutoka Windows 10 ni bure. Kama haikubali, Microsoft iliweka mpango wa kuongeza mwaka mmoja wa marekebisho, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 30, lakini unaweza kuupata bila kulipa ukifungua konto ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya mashini yako humo. Na kama mashini ni ya kuandika, kusoma na kuingia ku intaneti tu, Linux Mint ni ya bure, inaenda vizuri hata ku mashini ya zamani, na virusi vilivyotengenezwa kwa Windows kwa kawaida havifanyi kitu mule. Ubaya wake: kama unatumia programu fulani ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows, inaweza kukataa.

Ile tayari iko ndani

Wengi hawajue kwamba Windows 10 na 11 zinakuja na antivirusi yao, Microsoft Defender. Ni ya bure na haina matangazo. Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender ya Windows 10 habari za virusi vipya mpaka Oktoba 2028. Lakini tukumbuke mfano wa seremala: mlinzi anabaki, matundu hayazibwe tena.

Je, Defender inatosha? Kuna maabara zinazojitegemea ambazo kazi yao ni kupima antivirusi zote: AV-TEST iko Magdeburg, inchini Ujerumani, na AV-Comparatives iko Innsbruck, Austria. Matokeo yao yanasomwa bure. AV-TEST inatoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi wa mashini na 6 kwa kutosumbua mtumiaji. Kwa miaka kadhaa sasa, Defender inapata alama zinazokaribia zile za programu za kulipia. Kwa familia nyingi, mashini yenye marekebisho na Defender iliyowashwa inatosha.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko mtu wa Brussels. Defender inategemea sana intaneti: ikikutana na faili isiyoijua, inauliza kwanza seva za Microsoft. Mu nyumba ambamo mega zinanunuliwa siku kwa siku, na umeme unaenda na kurudi, nguvu hiyo inapungua. Ndiyo maana AV-Comparatives inapima pia kila antivirusi ikiwa nje ya intaneti, na hapo zinatofautiana sana. Kama mashini yako inakaa wiki nzima bila koneksio, tazama safu hiyo kwanza, kabla ya kutazama bei. Na ukibaki na Defender, faili ya habari mpya za virusi inaweza kupakuliwa mahali penye intaneti nzuri, ku tovuti ya Microsoft yenyewe, na kuletwa nyumbani kwa flashi.

Ya bure inalipwa na nani?

Antivirusi inashika funguo zote za nyumba: inaona kila faili, na mara nyingi kila tovuti unayotembelea. Basi swali la kwamba mwenye kampuni anakula wapi si la kichokozi. Mu Februari 2024, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5. Kosa lake: kupitia kampuni yake ndogo Jumpshot, habari za tovuti ambazo watumiaji walitembelea ziliuzwa kwa wengine. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020. Watu waliweka programu ili walindwe, kumbe njo wao walikuwa bidhaa.

Tusiseme kwamba kila cha bure ni mtego. Bitdefender ya Romania, kwa mfano, ina toleo la bure pia. Lakini wakati wa kuweka, soma kila ukurasa, na uondoe alama pale wanapoomba ruhusa ya kutumia habari zako. Ujue pia kwamba Norton, Avast, AVG na Avira leo ni za nyumba moja, Gen Digital. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine si kubadilisha bwana.

Siasa nayo inaingia. Mwaka 2024 Marekani ilikataza Kaspersky, kampuni ya Urusi, kuuza na kutuma habari mpya kwa wateja walio Marekani, ikitaja hatari kwa usalama wa taifa. Kaspersky ilikanusha. Uamuzi huo ni wa Marekani na kwa watu wa Marekani, lakini unatufundisha jambo: antivirusi isiyopokea habari mpya inakuwa mlinzi aliyelala. Ukichagua yoyote, hakikisha bado inapokea.

Kulipa kunaweza kufaa kama una mashini nne ama tano mu biro, ama kama watoto wanatumia mashini na unataka kuchuja wanayotazama. Uliza bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ile ya kwanza mara nyingi ni chambo. Na usiweke antivirusi mbili pamoja: zinapigana, mashini inakuwa nzito, na ulinzi hauongezeki.

Flashi na krake

Tuseme kweli: mu miji yetu, virusi nyingi zinaingia kwa mkono. Mwanafunzi anapeleka kazi yake ku sekretaria ya kuchapisha, flashi inachomekwa ku mashini ambayo imepokea flashi za watu wengi siku ile, na inarudi na mgeni. Dalili inajulikana: mafaili "yamegeuka" njia za mkato. Kwa kawaida hayakupotea. Virusi imeyaficha na kuweka ikoni za uongo mahali pake, ili ukibonyeza uiamshe. Usibonyeze. Bonyeza flashi yenyewe kwa kitufe cha kuume, chagua kuichunguza kwa antivirusi, kisha omba Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Njia bora zaidi ni kupeleka flashi ambayo mule kuna faili ya kuchapisha tu, katika PDF, na hakuna kingine.

Hatari ya pili ni krake. Ili kufungua Windows ama Office bila leseni, fundi mara nyingi anazima Defender kwanza, na wakati mwingine haiwashi tena. Kundi la virusi linaloitwa STOP, ama Djvu, lilisambaa hasa kwa njia ya krake za namna hiyo, na lililenga watu wa kawaida nyumbani. Lilifunga mafaili na kudai dola 980, ama 490 kwa atakayelipa mu masaa 72. Hesabu mwenyewe kama krake ilikuwa ya bure. Na antivirusi ya krake ni mlinzi uliyemwajiri kutoka kwa mwizi.

Kongo ina sheria juu ya mambo haya: Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu wanaoingilia mashini za watu. Lakini hukumu haifungui faili iliyofungwa. Kopi njo inaokoa. Kama una dola 30 mu mfuko, nunua kwanza diski ya nje ama flashi kubwa ya kuweka kopi, na baada ya kila kopi uichomoe. Ikibaki imechomekwa, virusi itaifunga pamoja na zingine.

Na siku mashini inatoka kwa fundi, mbele ya kumlipa, muulize maswali matatu huku skrini iko wazi mbele yenu wote wawili: Defender imewashwa? Marekebisho ya mwisho yaliingia tarehe gani? Umeweka krake yoyote? Fundi mzuri hatachukizwa.