Namba ya Gari Si Jina la Mtu

Köln, Ujerumani

Ndugu zangu wa nyumbani Tanzania,

  

Ile klipu mliyoirusha kwenye kundi la familia nimeiona. Gari dogo limetanua, yaani limepita pembeni mwa foleni, pale Ubungo, Dar es Salaam, likachomekea mbele ya daladala, dereva wa daladala akakanyaga breki, abiria wakayumba. Namba inasomeka vizuri. Kufika usiku mtu ameshaweka jina la mama mmoja, mwingine ametaja ofisi anayofanyia kazi, wa tatu ameleta picha yake akiwa harusini na wanawe. Shangazi ukaandika, "Mwacheni aaibike." Kisha mkaniuliza huku Ulaya mtu wa namna hiyo anafanywaje.

Hapa Ujerumani palikuwa na tovuti ambayo yeyote aliweza kuandika namba ya gari na kumpa dereva wake alama kwa rangi za taa za barabarani: kijani kwa aliyeendesha vizuri, njano kwa wa katikati, nyekundu kwa aliyeharibu. Aliyetaka kujua gari la jirani, la bosi au la mchumba lina rangi gani aliandika namba, akaona. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya jimbo ikaagiza alama hizo zionwe na mwenye gari tu. Wenye tovuti wakaenda mahakamani hapa Köln, wakashindwa. Wakakata rufaa Münster, wakashindwa tena Oktoba 2017. Katika hoja za mahakama, moja imenikaa akilini: kama nia ni dereva ajitazame na kujirekebisha, basi inatosha alama aione yeye mwenyewe.

Msidhani madereva wabovu huku wanalelewa. Ukipita kasi kamera inakupiga picha, na barua inakwenda kwa mwenye gari kuuliza nani alikuwa anaendesha, kwa maana anayeadhibiwa ni dereva. Kwenye picha hiyo uso wa dereva unaonekana. Wa abiria aliyekaa kando umezibwa kwa rangi nyeusi, kwa sababu yeye hana kosa. Dereva asipopatikana, mwenye gari anaweza kuamriwa kuweka daftari na kuandika kila safari na aliyeshika usukani. Makosa makubwa yanaandikwa pointi katika ofisi kuu iliyoko Flensburg. Zikifika 8, leseni imekwenda. Lakini jirani hawezi kwenda Flensburg kuuliza pointi zako.

Raia naye hajazibwa mdomo. Watu wawili wa Bavaria walikuwa wakipiga picha magari yaliyoegeshwa vibaya na kuzituma polisi. Mamlaka ya taarifa ikawapa onyo, wakalipinga, na mwaka 2022 mahakama ya Ansbach ikawapa haki. Kwa hiyo kupiga picha gari la mkosaji na kumripoti kunaruhusiwa. Swali ni picha inapelekwa kwa nani.

Swali hilo nyumbani ni zito kuliko huku, na mnajua kwa nini. Gari letu moja lina madereva wangapi? Daladala ina dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri, lakini saa nane mchana yeye yuko kijiweni anakula na anayeendesha ni deiwaka, dereva wa kumshikia kwa muda. Gari dogo ameazima shemeji, au fundi amelitoa kujaribu breki, au kijana amechukua ufunguo mama akiwa amelala. Mengine yameuzwa zamani na kadi bado ina jina la mmiliki wa kwanza. Trafiki anaweza kumwita aliye kwenye kadi, akamuuliza, akasikia jibu. Kundi la familia limemuuliza nani?

Najua mtakachonijibu: ukipeleka polisi, habari inalala, ukiirusha mtandaoni, kesho yake watu wanahangaika. Hilo silikatai. Basi la mkoani likirekodiwa linaovateki kwenye kona ya mlima, mara nyingi ni klipu kusambaa ndiko kunakoamsha wahusika. Na hapo mimi niko upande wenu. Kampuni ya basi ina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na imepokea nauli ya watu. Taja jina la kampuni, namba, njia na saa. Gari la serikali lenye namba za STK linatembea kwa kodi zetu, nalo litaje. Anayebeba dhamana ya umma hana haki ya kujificha anapoihatarisha.

Hata hapo kuna mipaka. Weka klipu nzima, siyo kipande kilichokatwa pale tu panapouma. Taja siku na mahali, maana klipu ya zamani hurudi kila mara kama mpya na kumchoma mtu aliyekwisha kulipa faini yake. Abiria wazibwe nyuso. Na familia ya dereva haikushika usukani.

Mtu binafsi mwenye gari lake ni habari nyingine. Nimesoma maneno yaliyoandikwa chini ya klipu yenu. Mengi hayakuhusu kutanua hata kidogo. Yalihusu uanamke wake, na nani kamnunulia gari. Wanaume wangapi wanatanua pale Ubungo kila jioni bila kuulizwa nani kawanunulia? Nyumbani nako sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na jina la mtu, picha yake na mahali anapofanyia kazi si mali ya kila mwenye simu.

Shangazi, aibu inafundisha, sikukatalii. Ila wazee wetu walipomwaibisha mtu barazani walikuwa wamemwita, akasema lake, akaomba radhi, na faini yake ikajulikana mwisho. Huyu mama akitaka kuomba radhi leo, aende kwa nani? Na ikibainika aliyeshika usukani alikuwa mwanawe au fundi, nani atazifuata simu zote zilizopokea picha ile kuwaambia samahani?

Naomba hivi. Picha ya harusini ifutwe leo, na aliyeisambaza nje ya kundi awaandikie aliowatumia waifute pia. Klipu nzima, pamoja na siku, saa na mahali, ipelekwe Kikosi cha Usalama Barabarani. Wakikaa kimya, waandikieni tena na muwataje wao hadharani kwa uzembe wao. Hao ndio tunaowalipa mshahara wamtafute aliyekuwa akiendesha.

Wasalimieni wote.

Ndugu yenu wa Köln